Pete za Mti na Mkaa wa Buhaya

Asikiaye jina la Ijuganyondo, kata ya mji wa Bukoba, hawezi kukosa kusikia nyundo ndani yake. Na katika nchi hizi nyundo si chombo cha fundi tu. Huko Karagwe nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Lakini hapana chuma pasipo mkaa, wala mkaa pasipo mti. Basi ni mti tutakaouhoji.

Wanafunzi aghalabu hudhani kwamba atakaye kujua mvua za kale hana ila kukata gogo na kuhesabu pete zake. Katika nchi za baridi ndivyo ilivyo: mti husinzia wakati wa kipupwe, ukaamka, na kila mwaka ukaacha pete moja, pana kwa mwaka wa neema, nyembamba kwa mwaka wa ukame. Kwa njia hiyo Mmarekani A. E. Douglass aliweza, mwaka 1929, kutaja umri wa majumba ya kale ya wenyeji wa Marekani kwa kusoma boriti zake. Hata miyombo ya magharibi ya Tanzania, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, husomeka. Bukoba sivyo. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ziwa halimwachi mti aone kiu sana. Pete huwa hafifu, pengine mbili kwa mwaka mmoja, pengine hazionekani kabisa. Mti wa hapa ni shahidi mwenye kigugumizi.

Mkaa husema zaidi. Katika miaka ya 1969 na 1970 Peter Schmidt, akifuata masimulizi ya wazee juu ya mfalme Rugomora Mahe, aliyetaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, alichimba Katuruka, penye mti wa Kaiija. Akakuta mavi ya chuma pamoja na mkaa, na mkaa mwingine ulipopimwa ukatoa umri wa karne kadhaa kabla ya Kristo.

Hapo ndipo pete zinaporudi kwa mlango wa nyuma. Kipimo hicho hakitaji siku ya moto. Hutaja wakati pete ile ilipoota. Kiini cha mti mkubwa wa msituni chaweza kuwa kimekufa karne mbili tatu kabla ya shoka, ilhali pete iliyo chini ya gome ni ya mwaka uleule. Wako wataalamu waliozikataa tarehe za kale za Katuruka kwa hoja hii, na kwa maoni yangu hoja yao haipuuziki. Matanuri ya Kemondo, kando ya ziwa, ya karne za kwanza baada ya Kristo, yana msingi imara zaidi. Ukale wa chuma cha Buhaya, basi, umening'inia kwenye swali ambalo mchomaji mkaa angalilijibu mara moja: alitia tanurini gogo, au matawi?