Nyumba za Bibi Zetu: Safari ya Familia Kijiji cha Makumbusho

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika habari za hisa, mikopo na marejesho. Sisi wa kamati ya elimu tumepewa sehemu ya ile safari ya familia kwenda Kijiji cha Makumbusho. Wengi wanaikumbuka kwa pilau na ngoma tu, kumbe kuna jambo lilitoka huko na bado tunalo.

Kijiji hicho kipo kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, nacho ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kilianzishwa miaka ya 1960, nchi ikiwa changa, ili nyumba za asili za makabila mbalimbali zijengwe kwa miti, udongo na nyasi, watu waingie waone. Leo hata kituo cha daladala kinaitwa Makumbusho. Wapo wanaoshuka hapo kila siku na hawajawahi kuingia ndani, jamani!

Watoto walianza kwa kucheka. Kwenye tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo, kijana mmoja akauliza kama kweli watu waliishi humo. Bibi yake akamjibu, "Mimi nimezaliwa humo, mjukuu wangu." Akatusimulia Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa na matembe yao yakaachwa. Kicheko kikaisha.

Tulikaa zaidi kwenye msonge wa Wahaya. Ni nyumba ya duara, nyasi zimeshuka toka kileleni hadi chini. Kwao Kagera nyumba hiyo husimama katikati ya migomba, ndani ya kibanja. Mama mmoja mzaliwa wa Bukoba akasema, "Mwanamke ataitandika nyasi, atapika humo, atazalia humo. Lakini kibanja ni cha ukoo." Nyumba yenyewe haisemi hayo, mpaka umpate wa kukuambia.

Akatukumbusha kesi ya Bi. Holaria Pastory wa Muleba. Bibi huyo alirithishwa shamba na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, akashinda, maana sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Mwanamume aliweza. Bi. Holaria akakata rufaa Mahakama ya Wilaya akashinda, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akathibitisha kwamba mwanamke ana haki ileile ya kuuza, kwa kuwa Katiba yenyewe, tangu haki za binadamu zilipoingizwa humo mwaka 1984, inakataza ubaguzi. Baadaye zikaja Sheria za Ardhi za 1999, namba 4 na namba 5, zinazotamka wazi kuwa mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Akina baba tuliofuatana nao walisikiliza kimya. Mmoja akasema mila ni mila. Mwingine, wala hatukumtegemea, akamwuliza mkewe kiwanja chao cha Mbagala kimeandikwa jina la nani. Mama akacheka, akasema, "Si unajua mwenyewe?" Kilikuwa na jina la baba peke yake, na zaidi ya nusu ya fedha zilitoka kwenye mkopo wa kikundi chetu.

Basi mkutano uliofuata ulikuwa mkali, tukatoka jioni. Tukakubaliana kwamba anayeomba mkopo wa kiwanja au wa kupaua nyumba aulizwe karatasi ina jina la nani, na jibu liandikwe kwenye fomu. Waume kadhaa walikasirika. Wanachama wawili walijitoa kwa ajili hiyo. Mmoja amesharudi, na karatasi ameileta.