Si Marehemu, si Msafiri: Kadhia ya Azory Gwanda

Kiswahili cha pwani hakikosi neno la kumwita mtu asiyekuwapo. Aliyekwenda kutafuta riziki ni msafiri; aliyekwenda akapendezwa na ugeni asirejee, huyo amelowea; na aliyekufa ni marehemu, ambaye jina lake hufuatishiwa dua. Azory Gwanda, mwandishi wa habari wa kujitegemea aliyeyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen, hana lake hata moja kati ya maneno hayo tangu tarehe 21 Novemba 2017.

Alitoweka Kibiti, katika Mkoa wa Pwani, mkoa unaouzunguka mji wa Dar es Salaam na kuwa na kisiwa chake pia, Mafia. Makao makuu yake yako Kibaha, kwenye barabara ya Morogoro. Kisarawe ni katika wilaya zake kongwe, nayo ndiyo iliyomegwa ikatoka Mkuranga, kama Rufiji ilivyomegwa ikatoka Kibiti. Mtu wa Kibiti mwenye shida ya mkoani hupanda gari la kaskazini hadi Mbagala, aingie Dar es Salaam, kisha atoke tena kwa upande wa magharibi ndipo afike Kibaha. Kwa mwendo huo, mwandishi aishiye palepale Kibiti ni mtu wa thamani kubwa.

Na thamani yake iliongezeka mauaji yalipoanza. Katika Mkuranga, Kibiti na Rufiji, eneo lililokuja kuitwa kwa kifupi MKIRU, viongozi wa vijiji na vitongoji walipigwa risasi na watu wasiojulikana. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa shambulio moja. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, na pikipiki zikakatazwa kutembea usiku. Kisha wananchi nao wakaanza kupotea, mmoja mmoja, na jamaa zao wakaogopa kuuliza. Azory alikuwa miongoni mwa wachache walioyaandika mauaji hayo kutoka palepale yalipotendeka.

Siku ya kutoweka kwake alifika shambani kwa mkewe, aliyekuwa mjamzito, akiwa ndani ya gari jeupe pamoja na watu ambao mke hakuwajua. Aliuliza ulipo ufunguo wa nyumba. Akasema amepata safari ya dharura, na kwamba angerudi kesho yake.

Yaliyofuata ni masimulizi ya kungoja. Kampuni ya magazeti yake ilitangaza kupotea kwake mwanzoni mwa Desemba, na Mwananchi likawa likichapisha hesabu ya siku zilizopita. Polisi walisema uchunguzi unaendelea. Novemba 2018, maofisa wawili wa Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao yake New York, walikamatwa Dar es Salaam na kunyang'anywa pasi zao za kusafiria. Waliachiwa, wakaondoka nchini.

Ndipo tarehe 10 Julai 2019 Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, akihojiwa na BBC kwa Kiingereza, alipomtaja Azory kuwa ni mtu aliyetoweka na akafa. Vitenzi viwili, vikiunganishwa na kijineno kimoja. Kwa muda wa siku moja hivi nchi nzima ilidhani imepata jawabu, chungu lakini jawabu. Kisha ikaelezwa kuwa waziri hakueleweka, na kwamba serikali haina uthibitisho kama mtu huyo yu hai au amekufa. Kitenzi cha pili kikafutwa. Cha kwanza kikabaki peke yake. Huenda waziri aliteleza ulimi tu. Lakini yeye ni mwanasheria, tena mwalimu wa wanasheria, na watu wa namna hiyo hupima maneno kama sonara.

Visiwani hadithi hii haihitaji mkalimani. Abdallah Kassim Hanga na Othman Sharif walirejeshwa Zanzibar mwaka 1969, na hawakuonekana tena.

Fiqhi inamjua mtu wa aina hii, humwita mafqudi. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya muda wa kungoja wa mkewe, wako waliosema miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania nayo imeweka miaka mitano: asiyesikika kwa muda huo na wale ambao wangepaswa kumsikia, anayedai kuwa yu hai ndiye atakayetakiwa kuthibitisha. Kwa Azory muda huo ulitimia Novemba 2022. Mahakama, basi, inaweza kumwita marehemu. Lakini hukumu kama hiyo humtaja aliyepotea tu. Haiwataji waliokuwamo ndani ya lile gari jeupe, nao wana majina, na lipo daftari la zamu lililowahi kuyaandika au yuko mtu anayeyakumbuka.