Mtoto Mwenye Usonji Ana Haki ya Shule: Hatua za Kufuata kwa Mzazi wa Madimba

Kata ya Madimba, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, inajulikana nchini kwa kiwanda chake cha kuchakata gesi asilia. Wakazi wake wengi, hata hivyo, huendesha maisha kwa korosho, mazao ya chakula na uvuvi. Miongoni mwa kaya hizo, kama ilivyo kwingineko, wamo wazazi wenye mtoto anayekaribia umri wa elimu ya awali ambaye hasemi, haitiki jina lake, au huziba masikio kila kelele zinapozidi. Wengi hujiuliza iwapo shule itampokea. Kwa mujibu wa sheria, jibu ni ndiyo. Makala haya yanaeleza namna ya kuifikia haki hiyo.

Usonji ni nini

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano, mahusiano na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga au mguso. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hausababishwi na chanjo, malezi mabaya wala laana ya ukoo. Hakuna kipimo cha damu kinachouthibitisha. Wataalamu hutazama mwenendo wa mtoto na kusikiliza maelezo ya mzazi. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za mzazi ni sehemu ya uchunguzi wenyewe.

Katika nyumba nyingi za eneo hili mtoto husikia Kimakonde kabla ya Kiswahili. Mtoto asiyejua Kiswahili lakini anayezungumza lugha ya nyumbani, kuonyesha kwa kidole na kucheza na wenzake, hatofautiani na watoto wengine kwa ukuaji. Anayehitaji kuchunguzwa ni yule ambaye mawasiliano yake ni hafifu katika lugha zote. Mzazi amweleze mtaalamu lugha inayotumika nyumbani.

Sheria inasema nini

Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, kifungu cha 27, inampa kila mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kuandikishwa katika shule ya umma au ya binafsi. Aidha, inaelekeza kuwa akiwa katika shule ya kawaida apatiwe huduma saidizi zinazomfaa. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 nayo inamlinda mtoto dhidi ya ubaguzi unaotokana na ulemavu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na utekelezaji shuleni umewekewa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26.

Hatua za kufuata

Kwanza, mzazi aandike anayoyaona: mtoto alianza lini kutembea na kutamka, nini humtuliza na nini humsumbua. Daftari la kawaida linatosha.

Pili, ampeleke mtoto katika zahanati au kituo cha afya akiwa na kadi ya kliniki, na aombe rufaa ya maandishi. Usikivu upimwe mapema, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri anaweza kudhaniwa ana usonji. Kwa Mkoa wa Mtwara, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Ligula.

Tatu, amwandikishe mtoto katika shule ya msingi iliyo karibu wakati wa uandikishaji, kabla ya muhula wa Januari. Asisubiri majibu yote ya hospitali, kwani miaka ya mwanzo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kujifunza.

Nne, amwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba mtoto apimwe mahitaji yake ya kujifunza, na nakala ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata. Kutoka hapo suala hufikishwa kwa afisa anayesimamia elimu maalumu katika Halmashauri. Mzazi abaki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeipokea.

Msaada wa kuomba shuleni

Si kila msaada unahitaji fedha. Mtoto anaweza kupangiwa kiti mbali na mlango wenye kelele, ratiba ya siku kwa michoro, maelekezo mafupi ya jambo moja kwa wakati, na mahali tulivu pa kupumzika. Pale anapohitaji zaidi, Halmashauri hushauri juu ya mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu, kama yale yanayotolewa na Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, au kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida. Makubaliano yaandikwe na yapitiwe kila muhula, ili mwalimu akihamishwa, anayefuata aendelee pale alipoachia mwenzake.

Iwapo mtoto atakataliwa

Mzazi aombe sababu kwa maandishi, kisha apeleke suala kwa Afisa Elimu Kata, Afisa Ustawi wa Jamii na Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kwa mfuatano huo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko. Kwa mtoto anayefungiwa ndani au kufanyiwa ukatili, mwananchi yeyote anaweza kupiga Simu ya Mtoto namba 116 bila malipo.

Wananchi wanakumbushwa kuwa mtoto asiyeandikishwa haonekani katika takwimu za shule, na asiyeonekana hapangiwi mwalimu wala vifaa. Kumtoa mtoto ndani na kumfikisha shuleni ndiyo hatua inayozifungulia njia nyingine zote.