Umepinga uamuzi wa fidia ya ulemavu kazini? Hawa ndio wa kukusaidia

Mfanyakazi aliyeumia kazini na kubaki na ulemavu hujua hatima ya dai lake kupitia barua ya uamuzi kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Barua inaweza kusema dai limekataliwa. Inaweza pia kusema limekubaliwa, lakini asilimia ya ulemavu iliyoandikwa ni ndogo kuliko mwenyewe anavyouona mkono au mguu wake. Wapo wanaoikunja barua na kuiweka kabatini, wakiamini kwamba Serikali ikishasema imesema. Sivyo sheria inavyosema. Uamuzi huo unaweza kupingwa hadi mahakamani, na huko si lazima anayesimama upande wako awe wakili.

WCF ilianzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, Sura ya 263, na ilianza kazi Julai 2015. Inawahusu wafanyakazi wa Tanzania Bara, wa sekta ya umma na binafsi: kijana wa kiwanda cha samaki Musoma, mpakia marobota wa kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, mwalimu wa Butiama, mlinzi, dereva, mhudumu wa hoteli. Michango hulipwa na mwajiri peke yake. Ukiona mshahara wako unakatwa kwa jina la "fidia ya WCF", uliza, kwa sababu sheria haimruhusu mwajiri kukutwisha mzigo huo.

Asilimia 30 na maana yake

Kwa mtu aliyeumia, namba ya kuangalia kwanza kwenye barua ni asilimia ya ulemavu wa kudumu. Ikiwa ni 30 au chini ya hapo, mafao hulipwa kwa mkupuo, mara moja. Ikizidi 30, mfanyakazi huingia kwenye pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo mtu aliyepewa asilimia 28 na mwenzake aliyepewa 32 wanaweza kuwa na majeraha yanayokaribiana kabisa, lakini mmoja atapokea fedha mara moja na mwingine ataendelea kulipwa mwezi hadi mwezi. Rufaa nyingine nzima husimama juu ya pengo dogo kama hilo.

Asilimia hiyo hutokana na tathmini ya daktari, baada ya matibabu kufikia mahali ambapo hali imetulia. Ukisema tu "naumia sana", kauli hiyo haitabadilisha namba. Kinachoweza kuibadilisha ni ripoti nyingine ya daktari inayoeleza kiungo gani hakifanyi kazi, kwa kiasi gani, na ni kazi zipi huwezi tena kuzifanya. Kama ulitibiwa Musoma kisha ukapewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, hakikisha taarifa za hospitali zote mbili zimo kwenye jalada. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani na picha za eksirei na vidonge, huku muhtasari wa upasuaji ukibaki hospitali. Urudie. Ni haki yako kuomba nakala.

Kabla ya ulemavu wa kudumu kujulikana, mfanyakazi aliyeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Hapa pia hutokea ubishi, hasa mwajiri anapopeleka mshahara mdogo kuliko uliokuwa ukilipwa kweli. Tunza hati za malipo, taarifa ya benki, hata ujumbe wa simu wa kupokea mshahara.

Njia ya kupinga

Uamuzi wa WCF hutolewa kwa jina la Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko. Asiyeridhika huomba marejeo kwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya kazi. Asiporidhika tena, hukata rufaa katika Mahakama ya Kazi, yaani Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Kwa watu wa Mara hilo si jambo la Dar es Salaam tena. Mashauri ya kazi husikilizwa Mahakama Kuu Kanda ya Musoma. Kila hatua ina muda wake kisheria, na siku huanza kuhesabiwa tangu uamuzi ulipokufikia. Andika tarehe uliyoipokea barua juu ya barua yenyewe, utunze na bahasha.

Wengine hukimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa sababu wanaijua. CMA ni mahali pa migogoro ya ajira, kama kuachishwa kazi au kutolipwa mshahara. Ukifukuzwa kwa sababu umeumia, hapo CMA inahusika. Lakini asilimia ya ulemavu iliyopangwa na WCF hairekebishwi huko, na muda unaoupoteza kwenye mlango usio wako haurudi.

Hatua ya Waziri huamuliwa zaidi kwa maandishi. Usitegemee kuitwa ukajieleze, ukaonyesha kovu na watu wakaguswa. Ndiyo maana msaidizi anatafutwa siku ile barua inapofika. Wakati wa kuitwa mahakamani ushahidi unakuwa umeshawekwa au umeshakosekana.

Nani anaweza kusimama nawe

Kwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, pa kuanzia ni chama hicho. TUICO kipo viwandani na kwenye biashara, TAMICO na NUMET migodini, TALGWU serikali za mitaa, CWT kwa walimu, TUGHE kwa watumishi wa serikali na afya. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyakazi aliye mbele ya Mahakama ya Kazi kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na kiongozi wa chama kilichosajiliwa, au wakili, au mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Hilo la mwisho watu hulisahau. Ndugu yako aliyesoma, anayelijua jalada lako kuliko mtu yeyote, anaweza kuwa mwakilishi huyo.

Wasio na chama wana njia ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017. Kwa sheria hiyo, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa hutoa elimu, huelekeza mtu kwenye chombo sahihi na husaidia kuandaa nyaraka, bila malipo. Kama wasaidizi wa kisheria hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Kazi hiyo wanaiachia mawakili wa mashirika ya msaada wa kisheria. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, iwe Musoma, Bunda au Butiama, ndiyo ya kuulizia nani amesajiliwa. Mtu anayejiita msaidizi wa kisheria halafu anadai ada, au anataka sehemu ya fidia yako, ni kishoka.

Afisa kazi wa mkoa naye ana nafasi yake, hasa mwajiri anapokataa kutoa taarifa ya ajali. Mwajiri anatakiwa kuijulisha WCF ndani ya siku 7, na dai lenyewe lina ukomo wa miezi 12. Mwajiri asipotaka kuandika, andika wewe.

Pale mwajiri anaposema "simjui huyu"

Mkoani kwetu kikwazo kikubwa huwa swali la nani ni mfanyakazi. Mvuvi anayelipwa kwa mgao wa samaki na mchimbaji wa Buhemba anayelipwa kwa mifuko ya mawe hawana mkataba wa karatasi. Anayejichimbia mwenyewe hatalindwa na sheria hii. Ila kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa ipo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hoja hii unahitaji mashahidi: mliokuwa nao zamu moja, mpishi wa kambi, daftari la mahudhurio. Majina na namba zao zichukuliwe mapema, maana vibarua huhama na msimu.

Mbele ya mahakama, Kiswahili kinatosha. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya kuwa lugha ya mahakama. Anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, au chumba kinachofikika kwa kiti cha magurudumu, aandike kwa msajili kabla ya tarehe ya shauri na abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kama ulemavu wako haukutokana na kazi, njia yote hii siyo yako. Ulizia pensheni ya ulemavu NSSF ikiwa uko sekta binafsi, au PSSSF kwa watumishi wa umma.