Kocha, Mzazi na Kampuni: Mpira wa Watoto Kolwezi

Ugomvi kati ya kocha wa watoto na wazazi wa wachezaji wake ni jambo jipya Kolwezi kuliko mpira wenyewe. Kwa zaidi ya nusu karne watoto wa ukanda wa shaba wa Katanga walicheza chini ya watu wasiowajibika kwa baba wala mama wa mtoto yeyote: mapadri kwanza, kisha kampuni. Mzazi alikuwa mtazamaji. Sauti yake ilianza kuvuma kandokando ya uwanja pale kampuni ilipoanguka, kocha akabaki bila mshahara, na mtoto mwenye kipaji akawa tegemeo la nyumba.

Kampuni hiyo ya migodi, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906, na kwa miaka ishirini ilitegemea vibarua wa muda waliokuja peke yao na kurudi makwao. Kuanzia mwaka 1927 na 1928 ilibadili siasa yake: mfanyakazi alipewa mkataba wa miaka mitatu, nyumba kambini na ruhusa ya kuishi na mkewe, na posho ya chakula ikahesabiwa pamoja na mke na watoto. Shule za kambi zilikabidhiwa wamisionari Wakatoliki, na mpira ukaja pamoja na shule, skauti na kwaya. Huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, padri Mbenediktino Grégoire Coussement alikuwa miongoni mwa waliopanga mashindano ya vijana wa Kiafrika. Mwaka 1939 Wabenediktino wa shule ya Saint-Boniface walianzisha timu waliyoiita Saint-Georges, jina la mtakatifu msimamizi wa skauti. Baadaye timu hiyo ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, na ndiyo inayojulikana leo kama TP Mazembe. Kutoka kwa mtakatifu hadi kwenye tairi, jina la mzazi halikupata kuingia.

Mwaka huohuo wa 1939, katika mji wa Williamsport nchini Marekani, Carl Stotz alianzisha Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Pale wazazi wa mtaani ndio waliokuwa makocha, waamuzi na wachangishaji, kwa hiyo malalamiko ya baba anayetaka mwanawe apewe nafasi ni ya zamani kama ligi yenyewe. Katanga ilipita njia nyingine.

Kolwezi ilijengwa kuanzia mwaka 1937 ili iwe makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Kandokando yake zilikua kambi za wafanyakazi kama Musonoi, Luilu na Kapata, na bonde la Kingamyambo likageuzwa kuwa bwawa la mabaki ya kiwanda cha kuchenjua madini. Kampuni iliposhika maisha ya mfanyakazi, ilishika pia mchezo wa mwanawe: uwanja, jezi na mipira vilitoka mfuko mmoja na dawa za hospitali. Kocha alikuwa mwalimu au mfanyakazi mwenzao aliyelipwa na mwajiri yuleyule, na baba aliyechukizwa hakuwa na mlango wa kubisha. Mkuu wa kambi ambaye angemlalamikia ndiye aliyekuwa na usemi juu ya nyumba yake. Ni utulivu uliosifiwa sana baadaye na wazee, lakini ulikuwa utulivu wa watu walionyang'anywa neno juu ya watoto wao.

Hali haikubadilika sana baada ya uhuru wa mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga hadi Januari 1963, na kutaifishwa kwa kampuni mwaka 1967. Gécamines, jina lililoshika katika miaka ya 1970, iliendeleza shule, hospitali na viwanja. Hata vita vya Mei 1978, vilivyoua mamia ya watu mjini Kolwezi, havikuvunja mpango huo. Wafanyakazi walizoea kuiita kampuni baba na mama. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliitumia picha hiyo katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001, kuhusu wana wa shaba walioachwa na baba yao, akaonyesha jinsi mamlaka ya baba halisi yalivyomezwa na mwajiri kisha yakamrudia akiwa hana kitu mkononi.

Baba huyo, yaani kampuni, alikufa polepole. Mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990. Uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliozidi tani 450,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, miongoni mwao walimu na mafundi wengi, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuitwa wa hiari; jina hilo liliwachekesha kwa uchungu waliokuwa wakidai mishahara ya miaka. Familia nyingi ziligeukia uchimbaji wa mikono, na watoto wakaonekana wakiosha mawe mtoni saa ambazo zamani zilikuwa za shule na mazoezi.

Timu za watoto hazikufa. Zilichukuliwa na walimu, wachezaji wa zamani na vijana wa mtaa, ambao hawalipwi na mara nyingi hununua mpira kwa fedha yao. Hapo ndipo mzazi alipoingia uwanjani. Ugomvi wa kila siku ni wa dakika za kucheza: nani anaanza, nani anakaa benchi, kwa nini mtoto wa fulani ni mshambuliaji na huyu beki. Mzito kuliko huo ni ugomvi wa mfadhili. Timu ya mtaa huishi kwa mkono wa mwenyekiti wake, na baba mwenye biashara ya madini anayenunua jezi zote huona ni haki mwanawe avae utepe wa nahodha. Kocha akikubali, wazazi wengine humtuhumu kula rushwa. Akikataa, msimu unaofuata hana jezi. Shinikizo la tatu hutoka kwa mzazi maskini anayetaka mtoto aache mpira aende mgodini, na kocha hulazimika kulijibu bila kuwa na hata nauli ya kumpa.

Mafanikio ya Mazembe, mabingwa wa Afrika mwaka 2009, 2010 na 2015, yaliongeza moto, kwa kuwa kila nyumba iliona njia. Jackson Muleka, mzaliwa wa Lubumbashi aliyehamia Standard Liège mwaka 2020, alionyesha kwamba njia ipo. Pamoja na tumaini yalikuja maombi ya kupunguza umri. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kupatikana kwa kuchelewa kupitia hukumu ya mahakama, na baadhi ya wazazi humtaka kocha ashuhudie mwaka usio wa kweli. Mchezaji Silas, mzaliwa wa Kinshasa, alieleza mwaka 2021 kwamba wakala wake alikuwa amembadilishia jina na mwaka wa kuzaliwa. Shirikisho la mpira la Ujerumani, alikokuwa akicheza, lilimfungia miezi mitatu.

Fedha ndiyo sehemu isiyoeleweka zaidi. Tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Klabu iliyokaa naye misimu minne ya mwanzo hupata asilimia 1 ya ada nzima: dola 10,000 katika uhamisho wa dola milioni moja. Mzazi hatajwi katika mgawo huo, na klabu isiyosajiliwa haipati kitu. Kwa hiyo baba husadiki kwamba kocha amemuuza mwanawe kimyakimya, hali kocha hana hata karatasi ya kumdai mtu.

Namna ya kumaliza ugomvi huu imefuata desturi ya mahali. Mzazi huitwa kwa jina la mtoto, Baba Kasongo au Mama Kasongo, na kocha kijana hambishii mkubwa wake mbele ya watu. Humtuma mzee wa mtaa au mwalimu wa shule amfikie nyumbani baada ya siku moja au mbili, hasira ikiwa imepoa. Timu zilizojipanga huunda kamati ya wazazi, hukutana nao kabla ya msimu, huandika michango katika daftari linaloweza kusomwa na yeyote, na hukubaliana kwamba mfadhili hapangi kikosi. Tangu FIFA ilipofungua ofisi yake ya malipo ya mafunzo, Novemba 2022, inayofuata rekodi za usajili wa kila mchezaji, kamati hizo zina kazi nyingine: kuhakikisha timu ina usajili na kila mtoto ana kadi yenye tarehe yake ya kweli.