Rangi za India Katika Njia ya Misafara



Juma hili tunawaalika kutafakari jambo tunalolivaa kila siku. Mama aendapo sokoni hapa Tabora kununua khanga, huomba doti. Fundi cherehani hununua kitambaa kwa jora. Kijana asiye na fedha nyingi hujitafutia shati katika mitumba. Maneno hayo tumeyarithi kutoka njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji.

Katika njia hiyo, nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Shuka moja ilikuwa mikono minne, na doti mikono minane. Mtumba ulikuwa furushi la nguo lililokazwa kwa kamba, mzigo wa mpagazi mmoja, wenye uzito wa kilo 30 hivi. Kwa nguo walilipwa wapagazi, kwa nguo walilipwa watemi hongo ya kupita katika nchi zao. Hata Mapadre Weupe, walipoondoka Bagamoyo mwaka 1878 kuja bara, hawakuweza kusafiri bila majora ya nguo.

Nguo nyeupe, yaani merikani, ilitoka Marekani kama jina lake linavyosema. Lakini nyingi kati ya zile za rangi zilitoka India. Kaniki ilikuwa pamba iliyochovywa katika nili hadi ikakaribia weusi. Barsati ilikuwa ya buluu yenye mstari mpana mwekundu. Mafundi wa Kutch na Surat walifuma na kutia rangi, na majahazi yakaja Unguja kwa pepo za kaskazi. Wahindi wenyewe walifika hadi kwetu: Richard Burton na John Speke, waliokuja Unyanyembe mwaka 1857, waliandika habari za Musa Mzuri, Khoja wa kutoka Surat, mmoja wa wafanyabiashara wa kwanza wa kigeni kukaa hapa. Na Unguja walikuwako matajiri kama Taria Topan, mzaliwa wa Kutch, waliowakopesha wenye misafara mali ya kwenda nayo bara.

Je, nguo hizo zilinunua nini? Zilinunua pembe za ndovu, na zilinunua watu. Tusichanganye mambo: Wanyamwezi wengi waliobeba mitumba walikuwa watu huru, wenye sifa ya ustadi na ustahimilivu, waliodai ujira wao. Lakini katika njia ileile walipita pia watu waliofungwa minyororo, ambao thamani yao ilihesabiwa kwa doti. Nasi twakumbuka kitabu cha Mwanzo, sura ya 37: Yusufu alivuliwa kanzu yake nzuri, kisha nduguze wakamwuza kwa wafanyabiashara wa msafara. Kanzu ilirudi nyumbani kwa baba, mtoto hakurudi.

Wengine miongoni mwa watoto wa Afrika walifikishwa India yenyewe. Jacob Wainwright alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa kusoma katika misheni ya Nashik, magharibi mwa India. Agosti 1872 alifika Kwihara, kando ya Tabora, pamoja na wenzake waliotumwa na Stanley kumfuata Dokta Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma, Wainwright na wenzao waliubeba mwili wake kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe walishauriwa wamzike hapo, wakakataa. Walipoona kwamba wenyeji wa mbele wataizuia maiti isipite, waliufunga mwili huo kwa nguo ukafanana na mtumba wa kawaida, wakapita. Tarehe 18 Aprili 1874 Wainwright alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza katika Westminster Abbey, London. Kisha alirudi Afrika, na mwaka 1892 akafia Urambo, katika mkoa wetu huu.

Wapendwa, utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Si zamani sana. Wapo wazee ambao bibi zao waliyaona hayo. Katika mji wetu wanaishi wajukuu wa waliokuja wakiuza na wajukuu wa waliokuja wakiuzwa, nao huoana, huzikana na kuchangiana harusi. Hata hivyo, ugomvi ukizuka, bado husikika neno la kumkumbusha mtu kwamba babu yake alikuja na msafara, au kwamba yeye si wa hapa. Neno hilo linarudisha bei juu ya mwanadamu. Tuwafundishe watoto wetu historia hii yote, rangi zake na machozi yake, ili wasilitamke kamwe.