Kenya: Namna ya kutafuta na kutambua vito katika ukanda wa Taita-Taveta

Kaunti ya Taita-Taveta, kusini mashariki mwa Kenya, inapakana na mkoa wa Kilimanjaro wa Tanzania. Juu ya ardhi kuna mpaka, lakini chini yake miamba haijui mpaka. Ukanda huo wa miamba mikongwe, ambao wanajiolojia huuita Ukanda wa Msumbiji, ndio uliozaa tanzanaiti ya Mirerani, yakuti za bonde la Umba mkoani Tanga, rubi ya Mangare na tsavoraiti ya Taita.

Kwa sababu hiyo, mbali na wachimbaji wanaoishi kwa kazi hiyo, wapo watu wa pande zote mbili za mpaka wanaotafuta mawe kwa mapenzi tu. Baadhi ni wanafunzi wa jiolojia, wengine ni masonara, na wengine ni wakaazi waliozoea kuinamisha macho baada ya mvua. Makala hii inaeleza mawe hayo yalitoka wapi, yanatafutwaje, yanatambuliwaje bila maabara, na sheria inasema nini kwa mtu anayeokota jiwe linalong'aa.

Vito hivi vimetoka wapi?

Zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, mabara ya kale yaligongana na kuinua safu kubwa ya milima. Miamba iliyozikwa chini kabisa ya milima hiyo ilipikwa kwa joto na kukandamizwa hadi ikabadilika umbile. Milima yenyewe imekwisha kumomonyoka, na ile miamba ya chini sasa iko juu, ikianzia kaskazini mashariki mwa Afrika, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji na Madagaska.

Rangi ya vito hutokana na chembe chache za madini mengine. Tsavoraiti, ambayo ni aina ya garneti, hupata ukijani wake kutokana na vanadiamu na kromiamu. Kromiamu hiyo hiyo, ikiingia katika umbo jingine la fuwele, ndiyo inayoifanya rubi kuwa nyekundu.

Historia ya tsavoraiti inaunganisha nchi hizi mbili. Mwaka 1967, mwanajiolojia mzaliwa wa Scotland, Campbell Bridges, aliigundua karibu na Komolo, Simanjiro. Baada ya kushindwa kuendelea na uchimbaji upande wa Tanzania, aliufuata mkondo wa miamba hadi Kenya na kulipata jiwe hilo tena katika eneo la Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974, kampuni ya Tiffany ya Marekani ililiingiza sokoni kwa jina la tsavoraiti, lililotokana na mbuga ya Tsavo. Bridges aliuawa mwezi Agosti mwaka 2009 karibu na Voi, aliposhambuliwa na kundi la watu kufuatia mgogoro wa haki za uchimbaji. Kisa hicho bado hutajwa katika eneo hilo kila panapozungumzwa suala la nani ana haki ya kuchimba wapi.

Alama za kutazama ardhini

Mtafutaji mzoefu haanzi kwa kutafuta kito, bali kwa kutafuta mwamba unaoweza kukizaa. Tsavoraiti hupatikana katika miamba yenye grafiti, ile inayoacha weusi wa penseli kidoleni. Mara nyingi haionekani ikiwa fuwele safi, bali hufichwa ndani ya bonge la mviringo lenye ganda la rangi ya kijivu au nyeupe, ambalo wachimbaji hulifananisha na kiazi. Bonge likipasuliwa, huenda ndani mkawa na kijani kilichojaa nyufa, au pasiwe na kitu.

Rubi na yakuti zina tabia tofauti. Fuwele zake huzaliwa pale ambapo mwamba una upungufu wa silika, na kwatzi ni silika tupu. Kwa hiyo, jiwe jekundu lililokaa ndani ya mshipa mweupe wa kwatzi kwa kawaida si rubi. Yaelekea zaidi kuwa garneti nyekundu, ambayo ni tele katika ukanda huu.

Baada ya mvua, mabonde makavu ya mito hustahili kutazamwa. Maji husomba udongo mwepesi na kuacha mawe mazito nyuma ya majabali, kwenye kona za ndani za mto na juu ya tabaka gumu lililo chini ya changarawe. Chekeche mbili za matundu tofauti, ndoo ya maji na subira hutosha. Jua la asubuhi au la jioni, linapopiga kwa mshazari, huyafichua mawe maangavu kuliko jua la mchana.

Majaribio manne yasiyohitaji maabara

Rangi peke yake hudanganya. Kijani chaweza kuwa tsavoraiti, turmalini, au kipande cha chupa kilichosuguliwa na mto. Yafaa kuanza na mambo manne.

La kwanza ni umbo. Fuwele ya rubi au yakuti huwa na pande sita na mara nyingi hufanana na pipa lililotuna katikati. Turmalini ni kijiti chenye mistari inayofuata urefu wake, na kikikatwa huonyesha umbo la pembetatu iliyotuna. Fuwele ya kwatzi nayo ina pande sita, lakini mistari yake huikata kwa upana. Garneti iliyokamilika huwa kama mpira wenye nyuso nyingi. Chupa haina fuwele. Huvunjika kwa mikunjo kama ya kombe, na chini ya lenzi ya kukuza mara 10 huenda ikaonyesha viputo vya hewa.

La pili ni ugumu. Katika kipimo alichokibuni Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, talki ni 1 na almasi ni 10. Kioo cha dirisha kiko karibu na 5.5, tanzanaiti kati ya 6 na 7, kwatzi ni 7, tsavoraiti hufikia kati ya 7 na 7.5, na rubi na yakuti ni 9. Jiwe lisilokwaruza kioo huondolewa katika orodha ya vito vigumu. Hata hivyo, kukwaruza kioo hakuthibitishi lolote, kwa kuwa hata kwatzi ya kawaida hukikwaruza. Likikwaruza kwatzi kwa urahisi, hapo pana sababu ya kulichunguza zaidi. Usikwaruze jiwe lenyewe. Litumie kukwaruza kitu kingine, kwa ncha isiyo na thamani.

La tatu ni uzito kwa ujazo, na pengine ndilo lenye manufaa kuliko yote. Pima jiwe safi likiwa kavu kwa mizani ya sonara. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, na ulitumbukize jiwe likining'inia kwa uzi bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba itakayosomeka. Jiwe la gramu 20 likisoma 5 majini, jibu ni 4, nao ndio uzito wa rubi na yakuti. Tsavoraiti hutoa takribani 3.6, tanzanaiti 3.35, turmalini kama 3.1, na kwatzi 2.65. Jiwe lenye mabaki ya mwamba au dogo mno litatoa jibu la kupotosha.

La nne ni mwanga. Garneti huonyesha rangi ile ile kila inapogeuzwa. Turmalini ya kijani huwa nyeusi zaidi ikitazamwa kwa urefu kuliko kwa ubavu. Tanzanaiti huonyesha buluu, zambarau na wekundu wa kahawia, kulingana na upande. Kwa mawe mekundu, taa ya kukagulia noti husaidia: rubi nyingi huwaka wekundu wa kaa la moto chini yake, ilhali garneti hubaki kimya. Garneti nyekundu nayo huvutwa kidogo na sumaku yenye nguvu, jambo ambalo rubi haifanyi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Rubi ya kiwandani, ambayo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mbinu ya kuitengeneza mwaka 1902, ina ugumu, uzito na mng'ao ule ule wa rubi ya ardhini, hivyo hupita majaribio matatu kati ya haya. Kasoro yake hutafutwa ndani kwa lenzi: mistari iliyopinda kama ya sahani ya santuri. Anayeuziwa "rubi" kando ya barabara, hata karibu na mgodi, hana budi kulijua hilo.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo wapenzi wengi wa mawe hujikwaa. Sheria ya Madini ya Kenya ya mwaka 2016 inatamka kwamba madini yote, yawe juu ya ardhi au chini yake, ni mali ya Jamhuri, bila kujali shamba ni la nani. Ruhusa ya mwenye shamba kwa hiyo haitoshi. Vibali vya uchimbaji wa mikono hutolewa kwa raia wa Kenya, na biashara ya vito pamoja na kuvisafirisha nje huhitaji leseni zake. Zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita-Taveta imo ndani ya hifadhi za Tsavo, ambamo mgeni haruhusiwi kuokota jiwe.

Upande wa Tanzania, leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania pekee, na tangu mwaka 2019 biashara ya madini ya wachimbaji wadogo inafanyika katika masoko rasmi ya madini. Kuvuka mpaka wa Holili au Lungalunga na jiwe ghafi mfukoni bila nyaraka ni kujitafutia mashtaka, hata kama jiwe hilo ni la thamani ndogo.

Njia salama kwa asiye mchimbaji ni kuambatana na mwenye leseni, kuomba idhini yake ya kupekua kifusi kilichokwisha kutupwa, na kudai stakabadhi kwa kila jiwe analonunua. Asiingie kamwe katika shimo lililotelekezwa: kuta zake huporomoka bila onyo, na hewa ya chini yaweza kuwa imekwisha. Katika vichaka vya Kasighau na Mangare, tembo ni jambo la kawaida.

Kabla ya kuuza

Majaribio ya shambani huondoa uongo, hayatoi cheti. Jiwe lililofaulu yote lipelekwe kwa mtaalamu wa vito kabla ya kukatwa au kutajiwa bei. Nchini Kenya kuna kituo cha vito mjini Voi, na Tanzania ina Kituo cha Jemolojia mjini Arusha.

Mtu anayejua kwamba jiwe lake lina uzito wa 3.6, halibadili rangi linapogeuzwa na limetoka katika mwamba wa grafiti, hawezi kuambiwa kwa urahisi na dalali kwamba ameshika kipande cha chupa. Na anayejua kwamba lake lina 2.65 hatauza ng'ombe ili agharamie safari ya kulipeleka mjini.